Asilimia 33.1 ya udumavu Tabora: ilipatikanaje, na inamhukumu nani?

Mpima Kimo (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam.

Tangu yatoke matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, hapa Tabora hakuna kikao cha lishe kinachofunguliwa bila namba moja kutajwa: watoto 33.1 katika kila mia walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni 30. Nimeisikia ikisomwa mbele ya madiwani, nimeiona imebandikwa ukutani, na hivi karibuni nilikuwapo ilipotumika kumkaripia mtendaji wa kata ambaye hakuwa na hata miezi minane katika kituo chake. Kwa kuwa niliwahi kuwa mdadisi katika tafiti za kaya kwa misimu kadhaa, na ubao wa kupimia urefu nimeubeba mgongoni kutoka Igalula hadi Ussoke, naomba nieleze namba ya aina hii inavyozaliwa. Ninachotaka kusema ni kwamba namba hiyo ni ya kweli, ila ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani na ni pana kuliko kijiji chochote kile, na anayeishika kama fimbo ya kumchapia mtu wa leo hajaielewa.

Nianze na kazi yenyewe. Udumavu ni kimo cha mtoto kuwa kifupi mno kikilinganishwa na umri wake. Mtoto ambaye hajafikisha miezi 24 hulazwa chali ubaoni. Mtu mmoja hushika kichwa kiguse kibao cha juu, mwingine hunyoosha magoti na kusogeza kibao cha chini mpaka kiguse nyayo, na wakati huo mtoto analia, mama anaomba msamaha, na mbuzi wa jirani anatafuna pembe ya dodoso. Aliyevuka miezi 24 husimamishwa. Mtoto yule yule akilazwa na kisha kusimamishwa hutofautiana kwa takriban milimita saba, kwa hiyo timu isiyozingatia kanuni hii inaweza kuzalisha wadumavu au kuwapunguza bila hata mtoto mmoja kubadilika.

Hata hivyo kimo ndicho kilicho rahisi. Kinachotesa ni umri. Katika kaya moja ya Urambo, ikiwa ni mwishoni mwa Novemba, tulimpima mvulana tukapata sentimita 80.0. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imevujiwa na paa, tarehe ya kuzaliwa imebaki doa la wino wa bluu. Bibi yake alishikilia kwamba mtoto alizaliwa siku walizokuwa wanafungua bani la kwanza la tumbaku (banda la kuikaushia kwa moto), yaani Februari. Mama akasema la, alizaliwa wakati wa kupandikiza miche, yaani Novemba ya mwaka uliotangulia. Miezi mitatu tu. Lakini kwa mvulana wa miezi 21 mstari wa udumavu uko sentimita 79.4, na kwa wa miezi 24 uko sentimita 81.0. Bibi akiwa sahihi, mjukuu wake yuko salama. Mama akiwa sahihi, amedumaa. Tulikaa pale karibu saa nzima tukiulizana nani alizaliwa kabla ya nani katika kitongoji kile, mpaka babu alipofungua sanduku na kutoa kadi ya ubatizo. Alibatizwa Krismasi. Bibi alikuwa amekosea, na kijana akaandikwa upande wa waliodumaa.

Sasa zidisheni kisa hicho kwa nchi nzima. Utafiti wa 2022 ulichagua kwanza maeneo 629 ya kuhesabia watu, kisha kaya 26 katika kila eneo, jumla ya kaya 16,354 zilizopangwa kufikiwa. Gawanya maeneo hayo kwa mikoa 31 na utaona kwamba kwa wastani mkoa mmoja unawakilishwa na maeneo yapatayo 20 na kaya mia tano na kitu. Tuchukue kwa mfano wa hesabu tu kwamba mkoa umepata watoto 300 waliopimwa na 33 katika kila mia wakaonekana kudumaa: hesabu ya sampuli inasema ukweli unaweza kuwa popote kati ya 28 na 38, na kwa vile watoto wa kijiji kimoja hufanana hali, wigo huo hupanuka zaidi. Kwa hiyo Kagera yenye 34.3, Simiyu yenye 33.2, sisi wenye 33.1 na Katavi yenye 32.2 tusigombanie nafasi, maana kipimo chenyewe hakina jicho la kuona tofauti hizo. Iringa yenye 56.9, Njombe yenye 50.4 na Rukwa yenye 49.8 ni habari nyingine. Hapo hakuna kisingizio cha sampuli.

La mwisho ni wakati. Kimo hupotea zaidi kuanzia tumboni hadi mwaka wa pili wa maisha, zile tunazoziita siku 1,000. Mtoto wa miaka minne na nusu aliyepimwa mwaka 2022 alikuwa tumboni mwaka 2017. Mkataba wa Lishe wa kwanza, yaani makubaliano ya serikali na wakuu wa mikoa ya kusimamia lishe, ulisainiwa Desemba 2017, na wa pili ulisainiwa Septemba 2022, wakati wadadisi wa utafiti huu walikuwa wamekwisha kurudi makwao tangu Julai. Anayeitumia 33.1 kuupima mkataba wa pili anamsahihishia mwanafunzi mtihani ambao hajaufanya.

Kapu la Asali

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri lakini umenizidishia mashaka badala ya kuyapunguza. Mikoa uliyoitaja kuwa ya mwisho ndiyo inayolisha nchi. Iringa ina mahindi, Njombe ina viazi na maziwa, Rukwa ina mahindi na maharage, halafu tunaambiwa nusu ya watoto wao wamedumaa? Sisi Tabora tuna asali, karanga, maembe ya kuoza chini ya miti, uyoga wakati wa mvua, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) vya kututoa kiangazi. Mimi naona tatizo ni kutupima kwa rula ya Wazungu. Babu yangu alikuwa mfupi, baba yangu mfupi, nami ni mfupi, na hakuna aliyeugua.

Mpima Kimo (mleta mada)

Mkuu Kapu la Asali, hoja ya rula ni ya haki na ilijibiwa kwa kupima. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vilijengwa kwa watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliochaguliwa kwa sababu mama zao hawavuti sigara, wananyonyesha, na nyumba zao si za dhiki. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo waliolelewa hivyo walikua karibu sawa mpaka miaka mitano. Urithi wa kimo upo kati ya mtu na mtu, na ndiyo maana hata katika watoto wenye afya kamili wawili au watatu kwa kila mia huangukia chini ya mstari. Wawili au watatu, mkuu, si thelathini na tatu. Na ufupi wa babu, baba na mwana unaweza kuwa ni dhiki ileile iliyorithishwa jikoni. Mama aliyedumaa huelekea kuzaa mtoto mdogo.

Kuhusu Iringa, swali lako lina umri mkubwa. Mwaka 1983 ulianza huko mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa kuanzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi michache, na matokeo hayakupelekwa mjini kwanza; yalijadiliwa palepale kijijini, watu wakaulizana kwa nini mtoto wa fulani ameporomoka, wakaamua jambo, kisha wakapima tena. Katika mijadala hiyo ilidhihirika kwamba ghala lililojaa halitoshi: kuna chakula, kuna maradhi na huduma za afya, na kuna matunzo, yaani muda na mikono ya anayemlea mtoto. UNICEF ilipochapa mchoro wake wa visababishi vya utapiamlo mwaka 1990, mchoro ambao hadi leo hufundishwa dunia nzima, sehemu kubwa ya mawazo yake ilikuwa imetoka Iringa. Inauma kidogo kwamba mkoa uliowafundisha wengine bado unaongoza kwa udumavu, na sitajifanya kuwa na jibu la sentensi moja.

Muuguzi wa Kata

Naomba niingie hapo kwenye maradhi na matunzo, kwa sababu ndiyo ninayoyaona kila siku katika zahanati iliyozungukwa na mashamba ya tumbaku.

Utafiti huohuo wa 2022 ulipima malaria kwa watoto. Kwa nchi nzima walikutwa nayo wapatao 8 katika kila mia. Kwa Tabora walikuwa 23, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Mtoto anayeugua malaria mara nne au tano kabla ya kutimiza miaka miwili hukaa siku nyingi bila hamu ya kula, damu yake inashuka, na kila anapoanza kuinuka anaangushwa tena. Uji wa ulezi na karanga ni mzuri, ninaufundisha kila Jumanne, lakini kwa mtoto huyo uji peke yake ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kuhusu matunzo, kaka Kapu la Asali, naomba uje kwetu Februari. Majani ya tumbaku yakiiva hayasubiri mtu. Mama anatoka alfajiri kuvuna, mchana anafunga majani kwenye vijiti, usiku anapokezana na mumewe kuchochea moto wa bani. Mtoto wa miezi kumi anaachiwa dada yake wa miaka minane pamoja na bakuli la uji uliopikwa asubuhi, uji ambao kufikia saa saba umeganda juu na dada anauongezea maji ili uteremke. Nyumba hiyohiyo ina gunia la karanga nyuma ya mlango. Nikiuliza kwa nini hazikusagwa, naambiwa nani angezisaga. Basi mdadisi akifika na kuuliza kama kaya ina chakula, jibu ni ndiyo, na ni la kweli.

Jambo jingine: naona watu wanalinganisha utafiti wa 2015-16 na wa 2022 kwa kila kiashiria bila kuangalia kalenda. Ule wa kwanza ulikusanya takwimu kuanzia Agosti 2015 hadi Februari 2016, na wa pili kuanzia Februari hadi Julai 2022. Kwa udumavu si neno, kwa sababu kimo hakibadiliki kwa msimu mmoja. Lakini ukondefu na malaria hupanda na kushuka na mvua, na sisi mvua zetu huanza Novemba na kukoma Aprili. Mwezi uliopima ni sehemu ya jibu ulilopata.

Mwana Uvinza

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya mto Malagarasi. Kuna mafanikio ambayo hamjayataja, na pengine ni kwa sababu yamefanikiwa mno hadi yamesahaulika. Wazee wetu huku wanakumbuka rovu shingoni kama jambo la kawaida katika vijiji vya milimani. Chumvi ya Uvinza imechemshwa tangu enzi za misafara, lakini chumvi pekee haikuwa dawa. Ilipoanza kutiwa madini joto katika miaka ya 1990, kizazi kilichozaliwa baadaye hakikuyajua tena mavimbe yale. Tafiti za kaya zimekuwa zikichukua kijiko cha chumvi jikoni na kukipima, na mama mmoja jirani yangu alidhani mdadisi ameishiwa chumvi akamfungia nyingine kwenye karatasi.

Ila msitufanye sisi wa Kigoma kuwa mfano wa kila kitu. Dagaa tunao na mawese tunayo. Mawese mekundu yamejaa kiini cha vitamini A, lakini wapishi wengi huyachemsha yakafuka moshi mpaka wekundu utoweke, na wekundu ukitoweka vitamini nayo imekwenda. Dagaa nao wengi hupanda lori. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, bei iliyokuwa juu ilipanda zaidi, na ugali wa muhogo ukaliwa kwa majani tu katika nyumba nyingi ninazozifahamu. Sina ugomvi na kufunga ziwa. Ninachosema ni kwamba laiti kungekuwa na utafiti uliopima watoto Septemba ile, ungekuta sura nyingine kabisa ya Kigoma.

Hesabu Kwanza

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na nimeona kwamba wachangiaji wote mnazungumza kwa asilimia. Naomba kuwatoa huko kidogo.

Udumavu kitaifa ulikuwa 42 kwa mia mwaka 2010, ukawa 34 mwaka 2015-16, na 30 mwaka 2022. Ni maendeleo makubwa na sitayabeza. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 na sensa ya Agosti 2022 ikahesabu 61,741,120, ongezeko la asilimia 37. Tuchukulie kwamba watoto wameongezeka kwa kasi ileile ya watu wote. Mahali palipokuwa na watoto 100, wadumavu walikuwa 42. Mahali hapo sasa pana watoto 137, na asilimia 30 ya 137 ni 41. Arobaini na wawili wamekuwa arobaini na mmoja. Vitanda, dawa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto ambayo halmashauri zinatakiwa kutenga havihudumii asilimia, vinahudumia vichwa.

Kwa Tabora hesabu ni kali zaidi. Mwaka 2012 tulikuwa 2,291,623. Mwaka 2022 tukawa 3,391,679, ongezeko la asilimia 48. Ili idadi ya wadumavu ibaki ileile tu katika mkoa unaokua hivyo, kiwango kinapaswa kushuka kwa theluthi moja. Mtendaji wa kata aliyekaripiwa angekuwa mwanafunzi wangu ningemfundisha kujibu hivyo.

Kapu la Asali

Mwalimu, nimekuelewa, na dada Muuguzi nimekuelewa zaidi, maana habari ya dada wa miaka minane nimeiona nyumbani kwa kaka yangu. Naondoa neno langu la rula ya Wazungu. Nabaki na swali moja: sisi watu wazima mbona hatupimwi? Huku mjini Tabora ninaona kinamama wengi wana uzito mkubwa na kisukari, na lishe inayozungumzwa ni ya watoto tu.

Muuguzi wa Kata

Mnapimwa, kaka, ila hamsomwi. Wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa 18 kwa mia mwaka 2004-05, 22 mwaka 2010 na 28 mwaka 2015-16. Utafiti wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban robo yao wana shinikizo la damu na tisa katika kila mia wana kisukari. Mara nyingi nyumba ni moja: mama amezidi uzito, mtoto wake wa mwisho amedumaa, na wote wawili wanakula sahani moja ya ugali mweupe.

Mpima Kimo, nina ombi la kikazi. Katika zahanati yetu tunapima uzito kila mwezi, lakini urefu hatupimi kwa kukosa ubao. Je, fundi seremala wa hapa anaweza kututengenezea?

Mpima Kimo (mleta mada)

Anaweza, dada, na swali hilo limenifurahisha kuliko mengine yote, kwa sababu asilimia za mkoa zitakuja tena baada ya miaka mitano au sita, wakati mtoto wako wa bani atakuwa darasani. Vipimo vya kijiji, vikiandikwa kwa tarehe na kusomwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji mbele ya wazazi wenyewe, vinatumika wiki hiyohiyo. Na kwa kipimo hicho huhitaji sampuli, unawapima wote.

Mwambie fundi atumie mninga uliokauka vizuri, maana mbao mbichi hujikunja. Kibao cha kichwa kisimame pembe mraba na kisitikisike. Cha miguuni kiteleze bila kukwama. Na futi ya kubandika iwe ya chuma. Mimi niliwahi kutengenezewa ubao mzuri wa kung'aa, fundi akabandika utepe wa cherehani aliopewa na mkewe. Tulipima watoto arobaini na mmoja kabla sijaulinganisha na futi ya chuma, nikakuta utepe ule umevutika nusu sentimita katika kila mita. Kila mtoto tuliyempima tulimwandika mfupi kuliko alivyo. Tulirudi siku ya pili, mlango kwa mlango, tukawapima wote upya, na watoto watatu wakatoka kwenye orodha ya waliodumaa.